Ithibati ya Shule za Lugha: Funzo kwa Mwalimu wa Yaeda Chini

Madhumuni

Baada ya kuyasoma makala haya, mwanachuo aweze: (a) kueleza tofauti kati ya usajili na ithibati; (b) kutaja faida za ithibati kwa shule ya lugha; (c) kuzitumia kanuni zake katika darasa la watoto ambao Kiswahili si lugha yao ya nyumbani.

1. Maana ya ithibati

Wanachuo wengi huchanganya usajili na ithibati. Usajili ni ruhusa ya Serikali. Kwa mujibu wa Sheria ya Elimu Namba 25 ya mwaka 1978, shule haiendeshwi pasipo kusajiliwa. Ithibati huendelea mbele zaidi. Ni uthibitisho wa chombo kilicho nje ya shule kwamba mafunzo yenyewe yamechunguzwa na kuonekana yanafikia kiwango kilichoandikwa. Katika nchi yetu vyuo vikuu hupata ithibati kutoka Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), na vyuo vya kati kutoka NACTVET. Kwa kifupi, usajili huruhusu mlango ufunguliwe, na ithibati huchunguza kinachotendeka ndani.

2. Kwa nini shule za lugha huihitaji

Anayenunua kitambaa hukishika na kukitazama kabla hajalipa. Mwanafunzi wa lugha hana nafasi hiyo. Mgeni anayefika Arusha kujifunza Kiswahili hawezi kutambua kama mwalimu wake anafundisha Kiswahili sanifu, kwa sababu hicho hasa ndicho asichokijua. Hapana budi mwingine ajuaye amtazamie.

Kwa sababu hiyo nchi kadhaa zimeweka vyombo vya kazi hii. Nchini Uingereza, British Council hutuma wakaguzi katika shule za Kiingereza, nao huingia madarasani na kusikiliza masomo. Katika Ulaya, jumuiya iitwayo Eaquals imekuwa ikifanya kazi kama hiyo tangu mwaka 1991. Faida kuu ni tatu. Kwanza, mwanafunzi hulindwa asidanganywe. Pili, cheti chake huaminiwa mahali pengine. Tatu, na hii ndiyo kubwa kuliko zote, shule hulazimika kujikagua kabla haijakaguliwa: huandika inachoahidi, hutunza ushahidi, na huona mapengo yake yenyewe.

3. Yaeda Chini, shule ya lugha isiyoitwa hivyo

Mwanachuo atauliza: hayo yananihusu nini mimi nitakayefundisha shule ya msingi?

Tuitazame Yaeda Chini katika Wilaya ya Mbulu. Katika bonde hilo na pande zake husikika Kihadza, lugha yenye vidoko, yaani sauti za kubandua ulimi, ambayo wataalamu hawajaweza kuihusisha kwa hakika na lugha nyingine yoyote. Husikika pia Kiiraqw, kilicho lugha ya Kikushi. Kidatooga, kilicho lugha ya Kinailoti. Na Kinyisanzu, kilicho lugha ya Kibantu. Ni nadra duniani kukuta lugha zenye asili mbalimbali kiasi hicho katika eneo dogo namna hiyo. Watoto wa nyumba hizo hukutana katika darasa moja, na tangu mwaka 1967 lugha ya kufundishia shule za msingi za Serikali imekuwa Kiswahili.

Basi kwa mtoto wa Kihadza au wa Kidatooga, darasa la kwanza ni shule ya lugha kabla ya kuwa shule ya hesabu. Naye yumo katika hali ile ile ya mgeni wa Arusha: hawezi kupima anachopewa. Hali kadhalika mzazi wake, ikiwa hakusoma, huiamini shule kwa sababu ni shule. Mgeni wa Arusha akikosa kufundishwa vizuri hupoteza fedha na majuma machache. Mtoto huyu hupoteza elimu yake yote, maana masomo mengine yote hupitia mlango huo mmoja.

4. Kosa nililolifanya

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kumtazama mwanachuo katika mazoezi ya kufundisha, kwenye shule iliyo mbali na barabara kuu. Azimio la kazi lilikuwa tayari, maandalio ya somo yalikuwa safi, na zana zilipangwa ukutani. Somo lilihusu maneno “juu ya”, “chini ya” na “kando ya”. Watoto waliitikia kwa pamoja, kwa sauti nzuri. Nikampa alama za juu, nikatia sahihi.

Nilipotoka nje nilimwambia mtoto mmoja, “Weka jiwe hili chini ya kiti.” Akanitazama, akajibu kwa matamshi yasiyo na kasoro: “Weka jiwe hili chini ya kiti.” Jiwe likabaki mkononi mwake. Nikawajaribu wengine wanne. Ni mmoja tu aliyeliweka. Sahihi yangu ilikuwa imethibitisha jambo ambalo halikuwapo. Nilikuwa nimeyakagua makaratasi, nikaacha kuikagua lugha.

5. Jinsi ya kulithibitisha darasa lako

Mwalimu hahitaji kungoja chombo cha nje. Azifuate hatua hizi:

(a) Katika juma la kwanza, amsikilize kila mtoto peke yake, aandike anachokielewa na lugha ya nyumbani kwao.

(b) Aandike ngazi kwa vitendo. Mwaka 2001 Baraza la Ulaya lilitoa mfumo wa ngazi sita unaoeleza mwanafunzi anaweza kufanya nini kwa lugha. Mwalimu aige namna hiyo ya kueleza: “anatekeleza agizo moja”, “anaomba ruhusa”, “anasimulia aliyoyafanya jana”.

(c) Apime kwa kutenda. Mwitikio wa pamoja huwaficha wasioelewa, bali jiwe lililowekwa chini ya kiti ni ushahidi.

(d) Atunze daftari la maendeleo ya kila mtoto, alipitie kila mwezi.

(e) Amwalike mwalimu mwenzake aje kuwapima watoto watano aliowachagua yeye mgeni.

Wathibiti ubora wa shule, ambao zamani tuliwaita wakaguzi, wakifika watakuta ushahidi tayari, na ushauri wao utakuwa na mahali pa kushika.

6. Tahadhari

Ithibati ina hatari zake. Ikigeuzwa kuwa kazi ya kujaza fomu, humchosha mwalimu bila kumfaa mtoto. Aidha, isiwe kisingizio cha kuidharau lugha ya nyumbani. Mwalimu anayejifunza maneno machache ya watoto wake huyatumia kama daraja la kuwafikisha kwenye Kiswahili. Anayewaadhibu kwa kuyatamka huwafunza kunyamaza.

Maswali ya kujadili

1. Shule iliyosajiliwa yaweza kukosa ubora. Eleza jinsi gani.
2. Andika ngazi tatu za kusikiliza kwa darasa la kwanza, kila moja kwa kitendo kinachoonekana.
3. Ungekuwa mkufunzi katika kisa kilichosimuliwa hapo juu, ungempa mwanachuo yule alama gani, na ungemshauri nini?