Somo: Panda Ogaka, Upate Maboga

Ndugu msomaji, umewahi kuona boga changa likigeuka manjano na kuanguka? Wengi wetu husema, "Aa, ni jua tu." Mara nyingine si jua, ni nyuki waliokosekana.

Boga lina maua ya kiume na ya kike. Chavua yake ni nzito na inanata, upepo hauwezi kuibeba. Tena kila ua hufunguka asubuhi moja tu. Nyuki asipofika siku hiyo, basi.

Nyuki hukaa karibu na chakula. Kiangazi kikifika huku Migori na Homa Bay, maua mengi hukauka. Lakini ogaka, yaani mshubiri wetu wa porini, huweka maji katika majani yake manene na huweza kuchanua hata jua likiwaka.

Jinsi ya kupanda:

1. Usiing'oe porini. Mwaka 2007 serikali iliweka kanuni za kudhibiti uvunaji wake. Omba chipukizi kwa jirani, au kusanya mbegu.
2. Weka chipukizi kivulini siku chache, mahali lilipokatwa pakauke. Ukiharakisha litaoza.
3. Panda mvua zikianza, penye jua na mteremko au mawe, pasipotuama maji. Acha nafasi ya nusu mita.
4. Ikichanua, usikate maua wala usipulize dawa asubuhi, nyuki wakiwa kazini.

Ya mbegu huchelewa kuchanua, lakini ikishashika hudumu miaka mingi.

Maswali ya kikundi: Kiangazi kilichopita, nyuki wetu walikula nini? Nani ana ogaka ya kugawia wenzake?