Hata Kibarua Ana Siku Zake 30

Mama mmoja wa Kibakwe, wilayani Mpwapwa, alinijia siku ya mnada, daftari la shule amelikunja mara mbili na kulifunga kwenye pindo la khanga. Mwanawe alikuwa amefanya kazi ya ujenzi Dodoma mjini mwaka mmoja na miezi minne, kwa shilingi 12,000 kwa siku, malipo kila Jumamosi. Asubuhi moja msimamizi akamwambia, "Wewe kesho usije." Barua hakupewa, sababu hakuelezwa. Alipouliza stahiki zake akajibiwa kuwa yeye ni kibarua, na kibarua hana haki. Mama alitaka kujua jambo moja. "Mwanangu, ni kweli?"

Si kweli, mama. Na sitaki liishie kwako, kwa sababu neno hilo moja limewarudisha nyumbani mikono mitupu vijana wengi wa Mpwapwa: waliobeba zege Dodoma, waliovunja kokoto njia ya reli ya SGR ilipopita Gulwe, walioshuka Morogoro kukata miwa.

"Kibarua" ni neno la msimamizi. Sheria haiulizi msimamizi anakuitaje, inauliza ulikuwa unafanyaje kazi. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 imeweka dalili za kumtambua mwajiriwa, na inatosha kuwepo moja tu: mtu mwingine anakupangia saa za kuingia na kutoka, au anakuelekeza namna ya kuifanya kazi, au anakupa vitendea kazi, au umemfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu ya mwisho, au riziki yako inamtegemea yeye. Ikionekana moja, unachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka yeye athibitishe vinginevyo. Kijana wetu alikuwa nazo karibu zote. Aliitwa saa 12 asubuhi na kuachiwa saa 12 jioni, na koleo lilikuwa la tajiri.

Hapo ndipo wengi hunikatisha: "Lakini hakuwa na mkataba." Mkataba wa mdomo nao ni mkataba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, nayo ya 2004, inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya kazi kwa maandishi. Asipofanya hivyo, mkifika kwenye shauri, mzigo wa kuthibitisha mlikubaliana nini unamwangukia yeye. Kukosa karatasi ni kosa lake, na halipaswi kugeuzwa kuwa hasara yako.

Sasa tuhesabu, maana mama alikuja na kalamu.

Sheria inaweka wiki ya kazi ya saa 45. Kijana alifanya saa 11 kwa siku, ukitoa saa moja ya chakula, siku sita kwa wiki. Hizo ni saa 66, yaani saa 21 za ziada kila wiki, 84 kwa wiki nne. Sheria hairuhusu saa za ziada kupita 50 ndani ya wiki nne, hata mkikubaliana. Na kila saa ya ziada inalipwa mara moja na nusu ya saa ya kawaida. Hata tukigawa 12,000 kwa saa tisa za siku, saa moja ni kama 1,333, na ya ziada inakuwa 2,000. Kwa wiki moja ni shilingi 42,000 zilizokuwa zikipotea. Mama aliliandika hilo kisha akanyamaza kitambo. Mdogo wa kijana huyo alikuwa amerudishwa nyumbani kutoka sekondari muhula huohuo kwa kukosa mahitaji.

Kwa anayelipwa kwa siku au kwa wiki, notisi baada ya mwezi wa kwanza ni siku nne, na kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28. Asipopewa notisi, analipwa fedha badala yake. Kiinua mgongo cha kuachishwa ni mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, hadi miaka 10, kwa aliyefanya kazi mfululizo miezi 12 au zaidi, isipokuwa kama ameachishwa kwa haki kwa sababu ya utovu wa nidhamu. Kwa kijana huyu, mwaka mmoja uliotimia ni shilingi 84,000. Likizo ya mwaka ni siku 28 zenye malipo, na ambazo hakupumzika zinaingia kwenye hesabu. Cheti cha utumishi nacho ni haki yake, kitamsaidia mlango unaofuata.

Zaidi ya hapo kuna kuachishwa kwenyewe. Aliyetimiza miezi sita kwa mwajiri mmoja, iwe kwa mkataba mmoja au kwa mikataba mingi ya siku mojamoja iliyounganishwa, haruhusiwi kufukuzwa bila sababu halali na bila utaratibu wa kusikilizwa. Soma tena maneno "mikataba mingi". Yamewekwa kwa ajili ya watu wanaosainishwa daftari kila asubuhi.

Mahali pa kupeleka madai haya ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi huiita CMA. Kuwasilisha mgogoro ni bure, na mwanasheria si lazima. Ila muda ni mkali. Kwa madai ya kuachishwa isivyo halali una siku 30 tangu siku uliyoachishwa, na kwa madai mengine, kama mishahara iliyobaki, siku 60. Ukichelewa lazima uombe kuongezewa muda kwa sababu za msingi, na "msimamizi aliniambia nisubiri" ni sababu dhaifu. Nimeona watu wa kwetu wakizimaliza hizo siku 30 palizi na msibani, wakingoja simu ya mtu asiyepiga. Mgogoro hupelekwa ofisi inayohudumia eneo ulikotokea, kwa hiyo aliyefukuzwa Kilombero asipoteze nauli kwenda Dodoma. Fomu inajazwa, nakala anapewa mwajiri, na unabaki na uthibitisho kwamba ameipokea.

Kwa wanaochukuliwa mbali nina neno la pekee. Babu zetu walipelekwa kwenye mashamba ya mkonge wakiwa manamba, wakaitwa hivyo kwa namba walizopewa. Leo wakala bado anafika kijijini na lori, anaokota vijana. Kama mwajiri au wakala wake ndiye aliyekuja kukuchukua Kibakwe, ajira ikiisha huko ugenini ni wajibu wake kukurudisha na mizigo yako, au kukulipa nauli isiyopungua ya basi hadi kituo cha karibu na ulikotolewa. Akikuchelewesha, anakulipa posho ya kujikimu kwa siku unazosubiri. Ukijipeleka mwenyewe kutafuta kazi, haki hii huna. Kwa hiyo siku ya kuondoka andika jina la wakala, namba ya gari na tarehe, umwachie mtu nyumbani.

Fedha za familia hazipotei kwa kufukuzwa tu. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri hawezi kukukata zaidi ya asilimia 10, iliyobaki ni yake. Wapo wanaokatwa kila mwezi na fedha hazifiki kwenye mfuko. Usisubiri miaka 15 ya kuchangia ndipo uulize kama utapata pensheni. Pita ofisi ya NSSF ukiwa mjini, uombe taarifa ya michango yako. Mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unatoka kwa mwajiri peke yake, hata senti moja isikatwe kwako. Ukiumia kazini, toa taarifa siku hiyohiyo mbele ya shahidi. Usikubali "twende tu duka la dawa, tutamalizana".

Walimu na wauguzi wa Kibakwe huniuliza jambo jingine: mbona nakatwa ada ya chama nisichojiunga? Chama chenye wanachama zaidi ya nusu ya wafanyakazi kikikubaliana na mwajiri, wasio wanachama wanaweza kukatwa ada ya uwakala, kwa sababu nao wananufaika na majadiliano. Lakini fedha hizo zinapaswa kutunzwa kwenye akaunti ya pekee, na haziruhusiwi kwenda chama cha siasa. Mwanachama aliyesaini makato anaweza kuyasitisha kwa notisi ya maandishi ya mwezi mmoja. Binafsi nawasihi wadai mahesabu kwanza. Nyongeza ya kima cha chini cha watumishi wa umma, kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025, ilitangazwa Mei Mosi hapo jirani Singida, katika sherehe za wafanyakazi, baada ya vyama kudai kwa miaka. Vibarua wa ujenzi wana TAMICO, wa mashambani wana TPAWU, wa majumbani na mahotelini wana CHODAWU. Kiongozi wa chama anaweza kukaa pembeni yako mbele ya msuluhishi, na msimamizi aliyezoea kukufokea hushusha sauti.

Sasa turudi kwenye daftari. Lilikuwa la yule mdogo wake wa sekondari. Kila Jumamosi kaka yake alipotuma fedha kwa simu, binti aliandika tarehe na kiasi, ili mama ajue kilichoingia. Kurasa tisa, mwaka na miezi minne, na meseji bado zimo kwenye simu ya mama. Nilimwambia huo ndio ushahidi, hata mawakili wangeufurahia. Nikamuuliza kijana aliachishwa lini. Akafungua ukurasa wa mwisho, akahesabu kwa kidole kutoka Jumamosi ya mwisho.

"Leo ya 19."

Basi la Dodoma linaondoka alfajiri.