Somo Analoliacha Kidato cha Tatu

Swali: Binti yetu yuko kidato cha tatu huku Ikungi, Singida. Si mapema mno kuzungumzia maisha ya baada ya mahafali?

Si mapema. Pengine mmeshachelewa kidogo. Wazazi wengi hudhani uamuzi hufanyika Januari, NECTA inapotoa matokeo, au pale mwanafunzi anapojaza fomu ya machaguo akiwa kidato cha nne. Lakini matokeo huchagua tu kati ya njia zilizobaki wazi, na baadhi ya njia huzibwa siku mwanafunzi anapoingia kidato cha tatu na kuamua kuachana na Fizikia na Kemia. Kama binti yenu anasoma kwa mtaala wa zamani, kwake masomo ya lazima ni saba: Hisabati, Kiingereza, Kiswahili, Biolojia, Jiografia, Historia na Uraia. Fizikia na Kemia ana hiari ya kuyaacha. Akiyaacha, stashahada ya utabibu imemtoka, maana inadai afaulu Fizikia, Kemia na Biolojia. Na kufaulu hapo maana yake ni D, yaani alama 30. Msichana anayeweza kupata 30 ya Fizikia anaiacha kwa kuwa aliambiwa ni somo la wenye akili, na huo ndio uamuzi ghali kuliko yote atakayoyafanya sekondari.

Swali: Fizikia ikimshinda, si itamvurugia divisheni?

Hofu hii husikika sana, na hesabu inaikataa. Divisheni hupangwa kwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi: A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Anayefanya masomo saba tu hana pa kuficha somo lililomwangusha. Mchukue mwanafunzi mwenye C tatu, D tatu na F ya Hisabati, somo linaloangusha wengi nchini. Jumla yake ni 26, divisheni ya nne. Mwenzake mwenye alama zilezile aliyeng'ang'ania Fizikia akapata D, ile F ya Hisabati inabaki nje ya hesabu. Jumla 25, divisheni ya tatu. Somo lililoogopwa ndilo limemwokoa, na hata angepata F nayo, angebaki palepale kwenye 26.

Pingamizi lenye uzito ni la muda: saa za Fizikia zingeweza kwenda kwenye Historia. Nalikubali pale tu ambapo shule imekaa mwaka mzima bila mwalimu wa somo hilo. Hapo sitamlaumu anayeliacha, ila atafute la nane kwingine, kama Biashara au Uhasibu vikifundishwa, asibaki na saba kavu.

Swali: Divisheni ya tatu si inatosha kwenda kidato cha tano?

Inategemea C zake zimekaa wapi. Zikiwa Historia, Jiografia na Kiswahili, ana tahasusi. Zikiwa Kiswahili, Uraia na Biolojia, pointi ni zilezile na tahasusi hana, hata baada ya Serikali kuongeza idadi yake hadi 65 mwaka 2024. Kwa hiyo lengo la kidato cha tatu liwe masomo matatu yanayokwenda pamoja, yasukumwe kutoka 44 hadi 45, maana hapo ndipo D inapogeuka C.

Swali: Hata wenye digrii wanakaa nyumbani. Na mtoto mwenyewe hajui anachotaka.

Hajui, na ana haki ya kutojua. Ndiyo sababu asifunge milango. Kuhusu digrii mna hoja, lakini hoja hiyo inaelekeza kwenye ufundi, haielekezi kwenye kukata tamaa. VETA Singida ipo, na kampasi ya Taasisi ya Uhasibu Tanzania (TIA) iko hapohapo mjini, ambako D nne humfikisha kwenye astashahada. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo inakopesha hata stashahada katika baadhi ya fani.

Swali: Sisi nyumbani tufanye nini sasa?

Toeni cheti cha kuzaliwa, mkiweke mezani pamoja na jina alilosajiliwa nalo shuleni. Kama cheti kinasema Hamisi na shule imeandika Hamis, rekebisheni kabla hajasajiliwa kwa mtihani wa kidato cha nne, kwa kuwa maombi ya mkopo hutaka cheti kilichohakikiwa na RITA, na herufi moja inaweza kumrudisha mtu nyuma.

Kisha fedha. Ada ya kidato cha tano katika shule za serikali ilifutwa 2022, lakini godoro, sare na nauli havikufutwa, na kuripoti ni Julai, wakati alizeti zimetoka shambani na kila mtu anauza. Bei ya 2023 ilivyoporomoka haijasahaulika Singida. Magunia mawili ya msimu huu yauzwe bei ikipanda, fedha yake isiguswe. Mahafali nayo yana michango yake, keki na mpiga picha, na hufanyika kabla ya mtihani, wakati hakuna bado ajuaye nani atafaulu. Mkibanwa, punguzeni keki.