Mlango Mmoja wa Ziwa Tanganyika

Mtu asimamaye pwani ya Ujiji huona milima ya Kongo ng'ambo ya maji, naye aweza kudhani ya kuwa ziwa hili limefungwa pande zote. Zamani wageni nao walishindana kwa habari hiyo. Mwezi wa Novemba 1871 Livingstone na Stanley walitoka Ujiji kwa mtumbwi mpaka ncha ya kaskazini, wapate kujua kama mto Rusizi watoka ziwani. Wakauona unaingia. Mwaka 1874 Cameron akauona mto Lukuga upande wa magharibi, nao ndio mlango wenyewe. Maji yake hushuka hata Lualaba, ndio mto Kongo, yakamwagika katika Bahari ya Atlantiki. Basi mvua inyeshayo Kasulu yaelekea Atlantiki, ingawa Bahari ya Hindi i karibu zaidi.

Katika mito ya upande wetu, mkubwa ni Malagarasi. Huanza mpakani mwa Burundi, ukazunguka mbali mashariki, kisha ukarudi magharibi kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Hupita katika mabwawa mapana, na huko maji hupunguza mwendo na matope hutua. Karibu nao, huko Uvinza, ziko chemchemi za maji ya chumvi. Watu waliyachemsha wakapata chumvi ya kuuza tangu kale, kabla reli haijafika Kigoma mwaka 1914.

Tena ziko dagaa na migebuka. Wavuvi wetu, kama Petro na wenzake, hufanya kazi usiku. Huwasha taa, na dagaa huifuata nuru. Mwezi ukiwa mpevu hupata kidogo tu. Ziwa lina kina cha mita 1,470 hivi, lakini samaki hukaa katika maji ya juu, kwa kuwa chini hakuna hewa ya kuvuta. Chakula chetu chatoka katika tabaka jembamba tu. Uvuvi ulifungwa miezi mitatu mwaka 2024, tangu Mei hata Agosti. Nyumba nyingi ziliona shida siku zile.

Turudi kwenye mlango. Maji mengi ya ziwa hutoka kwa kugeuka mvuke juani. Lukuga huchukua sehemu ndogo tu. Mwaka 1876 Stanley aliukuta umezibwa kwa matope na matete. Ziwa likapanda, hata likavunja kizuizi, na mwaka 1879 Hore, mmisionari wa Ujiji, aliuona mkondo ukienda kwa nguvu. Maji yakashuka, pwani ya Ujiji ikasogea mbali.

Katika miaka hii, hata 2024, maji yalipanda tena, yakaingia nyumbani mwa watu Bujumbura na kuusumbua mwambao wa Kigoma. Wako wasemao Lukuga uchimbwe. Sisi twaogopa haraka hiyo, kwa maana ziwa likishuka mno, meli zitafikaje gatini? Mlango umo Kongo, lakini Tanzania, Burundi na Zambia nazo zina pwani, na nchi zote nne zilitia sahihi mapatano ya kulitunza ziwa, Dar es Salaam, mwaka 2003.