Paka Mnene: Njaa Si Dawa

Paka mnene husifiwa. Mgeni akiingia sebuleni akamkuta amejilaza kwenye kochi, tumbo limemwagika ubavuni, neno la kwanza huwa "huyu anatunzwa". Mwenye nyumba hutabasamu, na mara nyingine humwongezea mnyama kipande cha samaki ili sifa isipotee. Zamani sifa hiyo ilikuwa na msingi. Paka wa kawaida Afrika Mashariki alikuwa paka wa kazi: alilala jikoni au ghalani, alikamata panya usiku, na jioni alirushiwa kichwa cha samaki. Paka wa soko la Feri, Dar es Salaam, na wale wa vichochoro vya Lamu bado wanaishi hivyo, wembamba na wepesi wa kuruka ukuta.

Paka wa ghorofa ya tatu ni habari nyingine. Mlango umefungwa kutwa, bakuli halikauki, panya hamjui. Tena amehasiwa, au amefungwa kizazi kama ni jike. Hilo ni jambo jema kwa mnyama na kwa mtaa, ila lina gharama yake: mwili wa paka aliyehasiwa hutumia nguvu pungufu kwa takriban robo, na papo hapo hamu yake ya kula huongezeka. Anayeendelea kumwekea chakula kilekile cha zamani anamnenepesha bila kukusudia.

Tatizo hili lina ukubwa wake. Nchini Marekani, utafiti wa mwaka 2022 wa Association for Pet Obesity Prevention ulikuta kwamba asilimia 61 ya paka waliopimwa na madaktari wa mifugo walikuwa wamezidi uzito. Na kuna wale waliofika mbali kabisa. Himmy, paka wa Queensland, Australia, alikufa mwaka 1986 akiwa na umri wa miaka 10 na uzito wa kilo 21.3; enzi za uhai wake alikuwa akisafirishwa kwa toroli. Baadaye kitabu cha Guinness kiliacha kupokea rekodi za paka mzito zaidi, maana kulikuwa na hofu kwamba watu wangewashindilia wanyama chakula ili waandikwe. Mwaka 2024 mjini Perm, Urusi, paka wa kilo 17 hivi alitolewa kwenye chumba cha chini cha hospitali, ambako watu walikuwa wakimlisha biskuti na supu. Alipewa jina la Kroshik, linalotokana na neno la Kirusi la chembe ya mkate. Alianza kupungua chini ya uangalizi, lakini alikufa Oktoba ya mwaka huohuo. Waliompa biskuti hawakumtakia mabaya. Kila mmoja alimpa kidogo tu.

Mkono kwanza, mizani baadaye

Madaktari wa mifugo hutumia kipimo cha ngazi 9, na ngazi ya 5 ndiyo ya afya. Nyumbani mkono unatosha kwa kuanzia. Paka hupapaswa mbavuni bila kukandamizwa. Mbavu zikihisika kama mifupa ya mgongo wa kiganja kilichonyooshwa, uzito uko sawa. Zikihisika kama zilizofichwa chini ya nyama ya kiganja chenyewe, mafuta yamezidi. Akitazamwa kutoka juu, paka mwenye afya ana kiuno. Aliyezidi ameumbika kama papai.

Mfuko wa ngozi unaoning'inia chini ya tumbo, karibu na miguu ya nyuma, usimtie mtu wasiwasi peke yake. Paka wengi wanao kwa maumbile, hata waliokonda. Kinyume chake, tumbo lililovimba chini ya mgongo wenye mifupa iliyojitokeza si unene hata kidogo: huenda ni minyoo, mimba, au maji yaliyojaa kwa ugonjwa, na tiba yake haipo kwenye bakuli. Ndiyo maana daktari wa mifugo anapaswa kumwona mnyama kabla ya mlo wowote kubadilishwa. Umuhimu huo huongezeka kwa paka mwenye kisukari anayechomwa insulini, kwa sababu mlo mpya unaweza kushusha sukari yake ghafla hadi hatarini.

Kwa uzito wenyewe, mizani ya bafuni haitoshi, kwani gramu 60 haizioni. Mizani ya kupimia watoto wachanga inafaa. Inafaa pia ile ya kuning'inia ya sokoni, paka akiwa ndani ya kikapu chenye kifuniko, ingawa mwenyewe atalalamika soko zima lisikie.

Kwa nini asishindishwe njaa

Ushauri unaotolewa mara nyingi vibarazani ni rahisi: "Mnyime siku mbili tatu, atashika adabu." Kwa paka mnene, ushauri huo unaweza kuua.

Mwili wa paka usipopata chakula huanza kuyavunja mafuta uliyoyahifadhi na kuyapeleka kwenye ini. Ini la paka halina uwezo wa kuyashughulikia kwa wingi na kwa haraka. Mafuta hujazana ndani ya seli zake, ini linashindwa kazi, na paka anageuka manjano kwenye ufizi, macho na ngozi ya ndani ya masikio. Akishafika hapo hataki tena kula, hivyo njaa inazidi kulisha ugonjwa. Siku chache tu za kutokula zinatosha kuuanzisha, na waliozidi uzito ndio walio hatarini zaidi, kwa kuwa ndio wenye akiba kubwa ya mafuta. Wengi huokolewa kwa kulishwa kwa mrija kwa wiki kadhaa, kazi inayohitaji kliniki, fedha na subira.

Kwa hiyo paka aliye kwenye mlo wa kupungua akikataa kula kwa saa 24, daktari apigiwe simu. Zikifika saa 48, hiyo ni dharura.

Kilichomo ndani ya panya

Mlo sahihi wa paka unaeleweka vizuri zaidi kwa kumtazama panya. Panya mmoja mdogo ana takriban kilokalori 30. Sehemu kubwa ya mwili wake ni maji. Kinachobaki ni protini na mafuta, na wanga ni kiasi kidogo mno. Hicho ndicho chakula ambacho mwili wa paka uliumbiwa: milo midogo mingi, yenye nyama na maji. Paka si kama mbwa, anayeweza kuishi vizuri kwa mlo mchanganyiko. Yeye hana budi kula nyama. Hata ladha ya sukari haijui. Mwaka 2005 watafiti walionyesha kwamba jeni ya kipokezi chake cha utamu ni mbovu. Paka anayelilia andazi anavutwa na mafuta lililokaangiwa, si sukari.

Kutoka hapo, vigezo vya mlo wa kupunguza uzito vinajitokeza vyenyewe. Protini iwe nyingi, ili mwili uunguze mafuta na misuli ibaki. Maji yawe mengi, ili tumbo lijae bila nguvu kuzidi. Wanga na mafuta vipungue.

Chakula cha kopo au cha pakiti laini kina maji ya karibu asilimia 75 hadi 80, na gramu 100 zake hubeba kilokalori 70 hadi 100. Chakula kikavu cha punje kina maji yasiyozidi asilimia 10 hivi, na gramu 100 zake hubeba kilokalori 350 hadi 400. Tofauti hiyo ndiyo siri ya unene wa paka wengi wa mjini. Punje ni rahisi, haziozi na hazinuki, basi hujazwa asubuhi na paka akajipakulia hadi usiku.

Hesabu iko hivi. Paka wa kilo 6 ambaye alipaswa kuwa na kilo 4.5 huwekewa takriban kilokalori 170 kwa siku ili apungue. Kwa chakula kikavu, hizo ni gramu 45 tu, ambazo zinatoshea kwenye kikombe kidogo cha kahawa. Kwa chakula laini ni gramu 200, bakuli la kuonekana. Paka anayekula gramu 200 hulia kidogo kuliko anayekula 45, na familia nzima hulala. Ikiwa kipato hakiruhusu kopo kila siku, mlo mmoja wa chakula laini na mmoja wa punje zilizopimwa kwa mizani ya jikoni bado ni hatua kubwa. Kipimo cha kikombe kinadanganya. Punje 10 za ziada kila mlo ni jambo dogo kwa mtu, ila kwa mnyama wa kilo 4 halina udogo.

Kuna pia vyakula maalumu vya kupunguza uzito vinavyouzwa kwa ushauri wa daktari. Faida yake si jina kwenye mfuko. Vimeongezewa protini, vitamini na madini kwa kila kilokalori, hivyo paka akipunguziwa nguvu hapungukiwi virutubisho. Chakula cha kawaida kikikatwa nusu, virutubisho navyo hukatwa nusu.

Makombo ya sufuria

Je, chakula cha nyumbani? Hapa panahitaji ukweli bila kupaka mafuta. Ugali uliolowekwa kwenye mchuzi wa samaki ni wanga mtupu wenye harufu nzuri. Mchuzi wenyewe ukiwa na kitunguu maji au kitunguu saumu ni sumu kwa paka: huharibu chembe nyekundu za damu, uwe umepikwa au mbichi. Kikombe kimoja cha maziwa yasiyoondolewa mafuta kina takriban kilokalori 150, karibu mgao wa siku nzima wa paka yule wa hesabu, na paka wazima wengi huharisha wakiyanywa. Dagaa wakavu wana protini nzuri, lakini gramu 10 zake ni sawa na panya mzima kwa nguvu, na waliochemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa wanabeba chumvi nyingi. Wahesabiwe kama zawadi, na zawadi zote za siku zisizidi sehemu ya kumi ya mgao.

Nyama tupu nayo haijakamilika. Kifua cha kuku bila mifupa hakina kalisi ya kutosha, na maini kila siku huleta vitamini A iliyozidi, inayoweza kukaza mifupa ya shingo. Halafu kuna taurini, kirutubisho kinachotoka kwenye nyama. Mwaka 1987 Paul Pion na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, waligundua kwamba paka waliokuwa na moyo uliotanuka na kudhoofika walikuwa na upungufu wa taurini, ingawa wengi wao walikula chakula cha viwandani kilichodhaniwa kuwa kamili. Walipoongezewa taurini, mioyo mingi ilipata nguvu tena, na watengenezaji wakaongeza kiwango chake. Ikiwa viwanda vilikosea, mpishi wa nyumbani asione aibu kumwomba daktari amwandikie mapishi.

Wiki za kwanza

Paka hupenda alichokizoea, hata muundo wake mdomoni. Chakula kipya huchanganywa na cha zamani kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10, na zaidi kwa paka mbishi. Chakula laini kikipashwa moto kidogo hutoa harufu, na harufu ndiyo inayomfungua kinywa. Mgao wa siku ugawanywe mara nne au tano. Sehemu ya punje inaweza kutiwa kwenye chupa ya plastiki iliyotobolewa matundu, ili paka aisukume na kuihangaikia. Hilo ni windo la ghorofani.

Mipango mingi huvunjwa na watu, si paka. Baba anampa alfajiri ili anyamaze, dada wa kazi anampa saa nne, watoto wanampa wakitoka shule. Dawa yake ni kopo moja lenye mgao wote wa siku, lipimwe asubuhi, likiisha, limeisha. Kwenye nyumba ya paka wawili, mwembamba alishwe juu ya kabati ambapo mnene hawezi kuruka. Siku mnene akiweza kuruka, mpango umefaulu na kabati litafutiwe mbadala.

Kasi nzuri ni asilimia 1 ya uzito kwa wiki, yaani gramu 60 kwa paka wa kilo 6. Kufika kilo 4.5 kutachukua nusu mwaka au zaidi. Apimwe kila wiki mbili. Akipungua kwa zaidi ya asilimia 2 kwa wiki, aongezewe chakula. Mwezi ukipita bila badiliko, daktari apunguze mgao kidogo, baada ya kuuliza tena nani mwingine anamlisha.

Mabadiliko ya kwanza huonekana mgongoni. Paka mnene hawezi kujigeuza kuyalamba manyoya karibu na mkia, hivyo hapo hushikana na kutoa mba. Kilo ya kwanza ikishapotea, ulimi unafika.