Mshubiri Usichanganywe

Unachofaa

Mshubiri, ambao wengi huuita alovera, hauhitaji maji mengi. Ndiyo maana unastawi kwenye makopo uani, Kahama hadi Katoro, hata kiangazi. Ute angavu ulio ndani ya jani hulainisha ngozi kavu, hupunguza muwasho na hupoza ngozi iliyobabuliwa kidogo na jua. Anayeshinda mwaloni au kwenye shamba la pamba hufaidika nao jioni, akishaoga.

Mshubiri hauifanyi ngozi kuwa nyeupe.

Kuuandaa

Jani la chini lililokomaa hukatwa na kusimamishwa robo saa, utomvu wa njano uchuruzike. Utomvu huo ndio unaowasha. Kisha jani huoshwa, humenywa, na ute hukwanguliwa kwa kijiko safi. Kwanza hupakwa kidogo kwenye mkono, upande wa ndani. Pasipotokea vipele hadi kesho yake, unafaa. Unaobaki utupwe.

Mshubiri usichanganywe

Wanaofika zahanati uso umebabuka mara nyingi husema walipaka "dawa ya asili". Wakihojiwa vizuri, inajulikana kuwa ute ulikorogwa na krimu ya kujichubua isiyo na lebo, iliyonunuliwa mnadani.

Mkorogo huo unaweza kuwa na haidrokwinoni, steroidi au zebaki. Zebaki hii Geita wanaijua: ndiyo inayokamata dhahabu kwenye karai. Ikipakwa huingia mwilini na kuharibu figo. Kwa mjamzito humfikia mtoto tumboni. Hubaki kwenye taulo na mashuka, watoto wakaipata bila kujipaka.

Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika kuhusu watu wazima waliovimba mwili kwa ugonjwa wa figo. Zaidi ya nusu walikuwa wakitumia krimu za kujichubua. Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki, na tangu 2019 vipodozi vinasimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Hata hivyo makopo ya krimu hizo bado yanauzwa.

Ute haupunguzi sumu ya krimu. Mshubiri usichanganywe na krimu, wala sabuni ya kujichubua, wala unga wa vidonge. Usichanganywe hata kama jirani amependeza nao.

Kwa wachenjuaji wa dhahabu

Mikono iliyokamua zebaki ioshwe kwa sabuni na nguo zibadilishwe kabla ya kumpakata mtoto; ute hauondoi zebaki.

Wenye ualbino

Mshubiri haukingi jua. Wenye ualbino wanahitaji kofia pana, mikono mirefu na losheni ya kukinga jua, kama ile inayotengenezwa hospitali ya KCMC, Moshi.

Wa kwenda zahanati leo

Aliyeungua moto akatoka malengelenge makubwa, mwenye kidonda kisichopona, aliyevimba uso au miguu, anayekojoa kidogo kuliko kawaida. Aliyekwisha kujipaka mkorogo aende na kopo lenyewe, hata kama halina lebo, ili mhudumu aone alichopaka.