Simu Ikiganda Katikati ya Malipo: Nani Anakula Kumbukumbu ya Simu Yako?

Shangazi yangu anauza omena na mboga sokoni Iguhu, kule Ikolomani, Kaunti ya Kakamega. Siku moja asubuhi alikuwa anamlipa jamaa anayemletea omena kutoka Kisumu. Shilingi 3,200. Akafungua apu, akaandika namba, akaweka PIN, akabonyeza kutuma. Kale kaduara kakaanza kuzunguka. Kakazunguka, kakazunguka, kisha simu ikaganda kabisa. Hata kurudi nyuma ikakataa.

Wateja wawili walikuwa wanangoja. Akaifunga ile apu kwa nguvu, akaifungua tena, akaweka PIN, akatuma tena. Safari hii ikaenda vizuri. Dakika kadhaa baadaye zikaingia SMS mbili, zimefuatana. Shilingi 3,200 mara mbili.

Yule jamaa wa omena ni mtu mwaminifu, lakini alipopigiwa simu alikuwa ameshawalipa wavuvi. Wakakubaliana kwamba pesa ya pili iwe ya mzigo wa wiki inayofuata. Sawa, pesa haikupotea. Ila ile pesa ilikuwa na kazi yake: ilikuwa ya chama, na siku ya mchango ilikuwa Jumapili hiyo hiyo. Shangazi akalipa faini mbele ya wenzake.

Nilipomtembelea akanikabidhi simu akasema, "Wewe si ndiye unafanya kazi na watu wa pesa za simu? Hebu angalia hii kitu. Imezeeka ama imerogwa?"

Haikuwa imezeeka, wala haikuwa imerogwa. Kulikuwa na programu ambayo hata hakujua anayo, inafanya kazi chinichini mchana na usiku na kumeza kumbukumbu ya simu. Leo tujifunze jinsi ya kumtafuta mlaji kama huyo na, muhimu zaidi, cha kufanya simu ikikugandia pesa ikiwa njiani.

Simu yako ina kumbukumbu mbili

Wengi wetu simu ikianza kuwa nzito tunasema "imejaa", halafu tunafuta picha. Wakati mwingine inasaidia kidogo, mara nyingi haisaidii. Sababu ni kwamba simu ina kumbukumbu mbili tofauti.

Ya kwanza ni hifadhi. Hapa ndipo picha, video, nyimbo na apu zenyewe hukaa, hata simu ikiwa imezimwa. Ya pili ni RAM, yaani kumbukumbu ya kazi. Hapa huwekwa tu vitu ambavyo simu inavishughulikia kwa sasa. Ukizima simu, RAM inafutika yote.

Fikiria kibanda cha mboga. Hifadhi ni ile stoo ya nyuma yenye magunia. RAM ni meza ya mbele unapopangia mafungu. Stoo inaweza kuwa kubwa kama kanisa, lakini meza ikiwa ndogo na imejaa, huwezi kumhudumia mteja haraka. Kila akija mtu lazima utoe kitu mezani ndipo uweke kingine.

Simu nyingi za bei nafuu hapa kwetu zina RAM ya GB 2 au 3, nyingine hata GB 1. Google ilijua shida hii, na mwaka 2017 ikaleta Android Go, toleo jepesi kwa ajili ya simu zenye RAM ndogo. Kwa hiyo simu ndogo si simu mbaya. Inataka tu meza isijazwe ovyo.

Programu za chinichini ni zipi?

Ukitoka kwenye apu, si lazima iwe imelala. Nyingine hubaki macho: WhatsApp inasubiri ujumbe, saa inasubiri kengele ya asubuhi, apu ya muziki inacheza wimbo hata skrini ikiwa imezimwa. Hizo zina sababu ya kuwa macho.

Shida ni zile zinazobaki mezani bila kazi. Ni kama mteja aliyeweka kapu lake juu ya meza yako kisha akaenda kupiga gumzo ng'ambo ya barabara. Nyingine zina kasoro: zinaomba nafasi, hazirudishi, kisha zinaomba nyingine. Hizo tunaweza kusema zinavuja. Simu inaanza siku ikiwa nyepesi, ikifika saa kumi jioni ni nzito kama jiwe.

RAM ikijaa, Android haikai tu ikitazama. Inaanza kuzifunga apu moja moja ili ipate nafasi. Ndiyo maana unaweza kutoka kwenye apu ya malipo kwenda kunakili namba ya till kwenye ujumbe, ukirudi unakuta imeanza upya na inakuuliza PIN. Meza ilijaa, simu ikaamua kuondoa kapu lako.

Mtafute mlaji: hatua tano

Majina ya menyu hutofautiana kidogo kati ya Tecno, Samsung, itel na nyingine, lakini njia ni ile ile.

1. Zima simu, kisha uiwashe. Hii inasafisha RAM yote. Ikiwa simu inakuwa nyepesi baada ya kuwashwa kisha inazidi kuwa nzito kadiri saa zinavyokwenda, basi kuna programu inayoila polepole. Ikiwa ni nzito hata dakika tano baada ya kuwashwa, huenda kuna programu nyingi zinazojiwasha pamoja na simu.

2. Angalia nani anatumia nini. Kwenye Samsung nyingi, ingia Settings, kisha Device care, kisha Memory. Kwenye simu nyingine orodha hii imefichwa: nenda Settings, About phone, halafu gonga maandishi ya Build number mara saba. Menyu mpya ya Developer options itatokea. Ndani yake tafuta Memory au Running services. Tazama tu hapo, usibadilishe mambo mengine.

3. Jaribu kuwasha kwa Safe mode. Kwenye simu nyingi, shikilia kitufe cha kuzimia, kisha kwenye skrini shikilia neno Power off mpaka uulizwe kuhusu Safe mode. Hapa simu inawaka bila apu zozote ulizopakua mwenyewe. Ikiwa ghafla inakimbia kama mpya, umepata jibu: tatizo ni apu uliyopakua, si simu. Ukimaliza, zima na uwashe kama kawaida.

4. Simamisha mshukiwa. Settings, Apps, chagua programu, bonyeza Force stop. Tumia simu yako kawaida kwa siku moja. Ikiwa hali imebadilika na huihitaji ile programu, iondoe kabisa kwa Uninstall. Programu usiyoijua ambayo ni ya simu yenyewe, kama Android System au Google Play services, iache. Hata ukiiona imechukua nafasi kubwa, ndiyo inayoshikilia simu nzima.

5. Sasisha zinazobaki. Kasoro ya kuvuja mara nyingi hurekebishwa na watengenezaji kwenye toleo jipya. Sasisha kupitia Play Store peke yake, si kwa kiungo ulichotumiwa WhatsApp.

Kwenye simu ya shangazi nilimkuta mlaji kwenye hatua ya pili. Ilikuwa apu ya "kusafisha na kuharakisha simu". Kijana wake alikuwa amebonyeza tangazo lililosema simu iko hatarini. Kazi yake hasa ilikuwa kukaa macho muda wote na kuleta matangazo. Chini yake kulikuwa na apu mbili za mikopo alizozitumia mara moja miaka iliyopita na kuzisahau. Tulipoziondoa zote tatu, apu ya malipo ikafunguka kabla hajamaliza kunilaumu kwa kukaa sana bila kumtembelea.

Mambo tunayodhani yanasaidia

Kufagia apu zote kila saa. Wengi tuna tabia ya kufungua ile orodha ya apu za karibuni na kuzifuta zote. Ukifuta iliyoganda ni sawa. Lakini kuzifuta zote kila mara kunaifanya simu izianzishe upya kutoka mwanzo, na hiyo inakula chaji na muda zaidi. Ni kama kurudisha mafungu yote stooni kila mteja mmoja akiondoka.

Apu za kusafisha RAM. Android tayari ina mfumo wa kupanga kumbukumbu. Apu ya kusafisha ni mgeni mwingine anayetaka kukaa kwenye meza hiyo hiyo ndogo.

"RAM GB 4 jumlisha 4." Utaona haya kwenye maboksi na mabango ya maduka ya simu. Zile nne za pili si RAM halisi. Ni sehemu ya hifadhi iliyoazimwa kusaidia, na hifadhi ni ya polepole kuliko RAM. Inasaidia kidogo, lakini simu hiyo si sawa na simu ya GB 8. Ukinunua, uliza ile namba ya kwanza.

Simu ikiganda katikati ya malipo, fanya hivi

Hapa ndipo pesa ya shangazi ilipoponyoka, kwa hiyo tuelewane vizuri.

Malipo yana safari tatu. Kwanza, simu yako inatuma ombi. Pili, kompyuta za kampuni ya huduma zinatoa pesa kwako na kumwekea mpokeaji. Tatu, jibu linarudi kwenye simu yako. Simu ikiganda baada ya safari ya kwanza, ya pili inaendelea bila wewe. Kile kiduara kinachozunguka hakijui kama pesa imekwenda au haijaenda. Kinajua tu kwamba jibu halijaonekana kwenye skrini yako. Hata SMS inaweza kuchelewa.

Kwa hiyo:

- Usirudie malipo. Hata kama kuna foleni, hata kama konda anapiga kelele. Subiri kidogo.
- Angalia salio kwa njia nyingine. Apu ikiwa imeganda, bonyeza *334#, iwe unatumia M-Pesa au Airtel Money. Menyu hiyo haitegemei apu: kazi inafanyika kwenye mtandao, simu yako inaonyesha maandishi tu. Kumbuka M-Pesa ilipoanza Machi 2007 ilikuwa inatumika kwenye simu ndogo za vitufe, bila apu yoyote. Njia hiyo nyepesi bado ipo.
- Salio limepungua? Pesa imekwenda. Omba taarifa fupi ya miamala uone ni kiasi gani na kwa nani, halafu mwonyeshe muuzaji.
- Salio liko vile vile? Zima simu, iwashe, angalia salio tena. Likiwa bado halijaguswa, sasa unaweza kutuma tena.
- Umeshatuma mara mbili? Mpigie mpokeaji na uanze kuomba pesa irudishwe mara moja. Kwa M-Pesa, unaupeleka ule ujumbe wa muamala kwa namba 456. Kadiri unavyochelewa ndivyo uwezekano unavyozidi kwamba mpokeaji ameitumia, na kurudisha kunakuwa kugumu.

Na onyo moja. Mtu akikupigia akisema simu yako ina tatizo na anataka upakue programu fulani ili akusaidie, kata simu. Kuna programu zinazomwezesha mtu aliye mbali kuona skrini yako, pamoja na unachoandika. Hakuna tatizo la kumbukumbu linalotatuliwa kwa kumpa mtu PIN yako.

Na kompyuta ya dukani?

Kama una duka na unaangalia malipo ya till kwenye laptop, shida ni ile ile na dawa inafanana. Kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager itafunguka. Bonyeza neno Memory juu ya orodha ili wale walaji wakubwa waje juu. Mara nyingi utakuta ni kivinjari chenye kurasa ishirini zilizosahaulika: zifunge. Kisha tazama sehemu ya Startup uzime programu zisizohitaji kujiwasha pamoja na kompyuta. Usisimamishe kitu ambacho hukijui kabla ya kuuliza fundi.

Kazi ya leo

Chukua dakika tano jioni hii. Fungua Settings, nenda Apps, pitia orodha yote. Kwa kila moja jiulize: niliitumia lini mara ya mwisho, na nani aliiweka hapa? Ukikosa jibu, na si programu ya simu yenyewe, iondoe. Apu ya mkopo usiyoihitaji tena pia iondoe, lakini kumbuka kuiondoa hakufuti deni. Kama bado unadaiwa, lipa kwanza.

Shangazi siku hizi ana sheria yake, na amewafundisha majirani zake wa sokoni: "Ikizunguka, mimi siguswi. Salio kwanza." Hajalipa faini ya chama tena.

Mtumie makala hii mtu mmoja ambaye simu yake huganda kila mara. Hasa yule anayekulipa kwa simu.